Jaruba la Thembo

Kila asubuhi Thembo alirudi kazini.
Alishuka mteremko wa ziwa Katwe kabla ya jua,
bila shati, sikio moja limebaki Kasese,
akaingia kwenye jaruba letu, la tatu kutoka kwenye gogo,
maji yakamfika kiunoni, akainama,
akakwangua.

Wengine waliorejea hukimbilia sauti, hukimbilia damu.
Yeye alikimbilia chumvi.
Labda mwili hukumbuka deni kuliko jina:
tulikuwa tunadaiwa karo ya muhula wa pili,
ya Kabugho wetu, ambaye sasa hana shule wala umri.

Tuliobaki ni kumi na wanne.
Tunalala ndani ya kiwanda cha zamani,
chumvi iliyatafuna mabomba yake kabla mimi sijazaliwa,
na usiku tunasikia viboko wakipita barabarani
kama watu wazima wanaotoka arusini.
Tunawaonea wivu. Hakuna kiboko aliyerejea.

Chumvi aliyoikwangua Thembo tuliichukua.
Nisiseme uongo. Jioni, akishaondoka,
Masereka alishuka na karai.
Tulikaushia samaki, tuliosha vidonda,
nyingine tukabadilishana kwa muhogo
na watu wa ng'ambo ya daraja la Katunguru.
Zamani mzee alisifiwa kwamba amekula chumvi nyingi.
Mimi nina miaka thelathini na mmoja
na nimekula chumvi ya marehemu miezi saba.

Masereka. Sijui nianzie wapi.
Alinifundisha kukanyaga mabati bila kuyaamsha.
Alinikatia nusu ya sabuni, hakuomba kitu.
Usiku mmoja wa mvua nilihesabu pumzi zake,
nikakosea, nikaanza upya
nikiwa karibu zaidi.
Basi. Mengine yanajua turubai.

Jumapili Kyakimwa, mshika funguo, akasema: Imetosha.
Juzi aligeuza kichwa mtoto alipokohoa.
Kesho atakumbuka kitu kingine, si chumvi.
Watu wakamtazama Masereka, mwenye panga.
Masereka akanitazama mimi.
Akaninong'oneza: Ukisema hapana,
panga hili litapotea ziwani usiku huu.

Nilitaka kusema hapana.
Nilitaka aniombe niseme ndiyo.
Nilitaka mtu mwingine awe mwovu,
hata kwa dakika tano.

Panga nikalichukua mimi.

Maji yalikuwa vuguvugu, yaliuma mikwaruzo ya miguu.
Thembo hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa na magamba meupe
kama mtu aliyemwagiwa unga na watani.
Nikamwita jina la utotoni, lile alilolitumia mama yake tu.
Mkono ukasita.
Naapa ulisita.
Au ule mti wa kukwangulia uligonga jiwe.

Nikafanya kilichokuwa cha kufanywa.

Tangu siku hiyo swali hulala katikati yetu
kama mtoto mwenye homa:
nilimpumzisha mume wangu,
au nilitafuta nafasi kitandani?
Masereka anasema yote mawili yanaweza kuwa kweli
na bado mtoto wa watu akakohoa kwa amani.
Ni mtu mwema. Kuna siku simpendi kwa sababu hiyo hiyo.

Leo tumeshuka wawili.
Chumvi imeganda juu ya maji, ngozi nyembamba,
siku tisa haijaguswa.
Nimeingia. Nimeushika mti wake,
pale vidole vyake vilipochimba mashimo manne,
vyangu havijai.
Jua limepanda. Kutoka ukingoni Masereka ananiita,
mara ya kwanza kwa jina, mara ya pili kwa woga.
Namsikia.
Ngoja kwanza
nimalize hapa.