Unene wa Barafu

Karatasi ilikuja na posta ya Jumanne.
Mdogo wangu ameibandika kwenye friji
chini ya sumaku yenye umbo la samaki,
kana kwamba ni bili ya umeme.
Kolesteroli: saba nukta moja.
Umri: ishirini na minne.

"Mbona siumwi popote," anasema Veikka,
anapaka siagi kwenye mkate mweusi,
nene kiasi kwamba alama za meno zinabaki.
Jana kacheza magongo ya barafuni vipindi vyote vitatu.
Moyo wake hupiga kama mtu anayebisha
mlango wa nyumba yake mwenyewe:
bila haraka, anajua atafunguliwa.

Baba naye hakuumwa popote.
Arobaini na sita, mwezi Machi,
nyuma ya banda la kuni.
Shoka tulilikuta limesimama ndani ya gogo,
na kikombe cha kahawa kwenye theluji
kimejichimbia shimo la duara.
Mama alisema, ghafla.
Jirani akasema, ghafla.
Mchungaji akalirudia kanisani,
nasi tukalizika neno hilo pamoja naye
bila kuuliza lilianza lini.

Lehemu, ndivyo alivyoiita daktari.
Neno lilelile la fundi bati anayeziba sufuria.
Tumekua tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta;
hakuna aliyetuonya juu ya ufa
ambao ndio njia,
unaozibwa utando kwa utando
tangu ujanani, mtu amelala,
mtu anacheka.

Sikumhubiria.
Alfajiri nilimfuata ziwani Pielinen, kazini kwake:
hutoboa barafu, huteremsha rula,
huandika daftarini kama lori la magogo litapita.
Nikamuuliza, huanzaje?
"Kama utando wa maziwa. Novemba.
Ukitazama utadhani ni maji tu.
Halafu hunenepa kwa chini,
upande usioonekana.
Ndiyo maana tunapima—"

Akanyamaza.
Rula mkononi, inachuruzika.

Leo siagi iko palepale mezani.
Kando ya kahawa yake kuna kidonge kimoja cheupe.
Hajakimeza bado.
Anakizungusha kwa kidole,
anatoa ishirini na nne kwenye arobaini na sita,
na jibu analisema kwa sauti ndogo,
kama bei ya kitu
alichodhani ni cha bure.