Figili Nyeusi

Genovaitė alijua kuichimba:
kisu kidogo, kile cha mpini wa mfupa,
mzunguko mmoja tu, na figili imekuwa kikombe.
Mimi nimeichimba hadi nikaitoboa chini.
Asali imemwagika mezani, juu ya bili ya umeme.

Nje, Panevėžys yote imefunikwa na theluji.
Kikohozi changu kinabweka; mbwa wa jirani anajibu.

Ya pili nimekwenda nayo polepole.
Vijiko viwili vya asali ya Agosti,
kipande cha juu kikarudi kuwa kifuniko,
kisha kungoja. Ukiipa muda, alisema, italia yenyewe.
Miaka arobaini na mmoja nilimcheka,
nikameza kwa kuziba pua.

Binti yetu kasema kwa simu: Baba, nenda hospitali.
Nitakwenda Jumatatu.

Alfajiri shimo limejaa maji ya hudhurungi,
makali, matamu, yananukia udongo.
Nimeonja kijiko kimoja. Kifua bado kinakwaruza.
Nikanywa kingine, pua wazi safari hii,
nikaramba na kijiko chenyewe,
kisha nikaosha kile kisu, nikakirudisha
kwenye droo ya kushoto,
makali yakitazama ukutani, kama alivyotaka.