Tela la Pili

Fundi Kundaeli amechomelea ndoana ya pili
kwenye matako ya tela la kwanza.
Akaipiga nyundo mara tatu, akasema,
"Hii hata mlima utaifuata."
Mlima wenyewe ulikuwa nyuma yake, umejifunika.
Haukusema kitu.

Usa River, saa kumi na moja alfajiri.
Tela la kwanza: viti mia mbili na arobaini,
maturubai manne, zulia jekundu la maharusi wa Moshi.
Tela la pili: jenereta peke yake, nzito kama deni.
Pikapu yangu mbele, umri wake sawa na mwanangu wa kwanza,
naye mwaka huu anapata kipaimara.

"Funganisha tu, Ndeshi," alisema Elinisafi, mwenye mali.
"Safari moja, mafuta ya safari moja.
Mbona treni ina mabehewa ishirini?"
Treni ina reli, nikamwambia.
Akacheka. Nikacheka. Nikafunganisha.

Shuleni Machame nilifundishwa mizani:
nane huku, nane huku, kina cha kati, kina cha mwisho,
mshororo ukizidi silabi moja unachechemea.
Mwalimu hakutuambia kwamba barabara nayo huhesabu.
Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, tela hunyanyua pua
na gari hupoteza mguu;
ukizidi mbele, gari huinama kama anayetafuta sarafu.
Mbele kidogo. Kidogo tu. Hapo kina hutulia.

Nikavipanga viti upya gizani.
Minyororo nikaipitisha msalaba chini ya shingo,
ili ndoana ikikatika shingo idakwe, isilime lami.
Kisha taa.
"Breki!"
"Imewaka!"
"Kushoto!"
"Imewaka!"
"La pili, breki!"
Kimya.
"Kundaeli?"
"Naona giza tu, dada."

Tukaenda hivyo hivyo. Naliandika hili kwa aibu.

Kikatiti nilikuwa mwendo wa arobaini.
Kila nilipogusa breki, tela la kwanza lilisikia;
la pili lilisikia uvumi,
na uvumi ukifika mbali huwa neno jingine.
Kioo cha kushoto kilinionyesha jenereta,
halafu cha kulia kikanionyesha ileile:
ng'ombe ana mkia, na mkia una mkia.

Njia ya KIA, Afande Nasieku alinyoosha mkono.
Hakupiga kelele. Alizunguka polepole
kama mtu anayenunua.
"Hili lina namba. Hili je? Taa zake?
Kibali cha kuunganisha mawili?"
Sina.
"Basi mama, hili si gari tena. Huu ni msafara,
na leseni yako ni ya mtu mmoja."
Akaandika faini. Kisha, bila kuinua kichwa:
"Kikafu unaijua?"

Naijua. Nani hapa haijui?
Mteremko, kona, daraja, na malori yanayonusa mgongo wako.
Mteremko ule hauulizi umeokoa lita ngapi.

Nikaifungua ile ndoana ya pili kwa mikono inayotetemeka,
nikaweka mawe chini ya tairi,
nikamwacha Kundaeli juu ya jenereta na chapati mbili.
Kikafu niliteremka gia ya pili, injini ikinishika kiuno,
na nyuma ya viti, kiooni, palikuwa na nafasi tupu.
Niliitazama mteremko mzima.
Ilinifuata vizuri, haikuyumba.

Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka.
Hawasemi ni ipi.
Mimi nasema ni ya nyuma, na haiponyoki peke yake.

Saa saba mchana niliirudia jenereta.
Kundaeli amelala, kofia usoni.
Elinisafi amepiga simu mara kumi na moja.
Mafuta yaliyozidi nimeyaandika kwenye daftari,
upande wa faida; mume wangu akauliza kama nimechoka.

Ndoana bado ipo. Fundi alichomelea vizuri mno, haing'oki.
Nikiosha gari,
huwa naitundikia ndoo.