Hesabu ya Maji Makuu

Miaka kumi na moja nimesimama Liwatoni
nyuma ya mizani, kalamu sikioni,
napima samaki wa watu.
Jodari namjua kwa kilo, kwa bei, kwa rangi ya matamvua;
akiwa hai sijapata kumwona.
Na hili nalo ni la kucheka:
mtoto wa Kilindini, kilindi chenyewe hakijui.

Jumapili tunakwenda.
Boti ni la Nassor Shekue, la faiba, futi thelathini na tatu,
ubavu mmoja una rangi mpya, wa pili pesa ziliisha.
Mashine mbili. Ya kwanza ina nguvu za farasi arobaini;
ya pili, asema Msellem, ina farasi wawili na punda,
ila punda huyo ndiye wa kumtegemea.

Usiku huu, mezani kwetu Mtongwe,
naandika nyuma ya daftari la hesabu la Saumu.
Petroli, madebe kumi na manne.
Chambo, vibua na ngisi, sanduku tatu.
Mishipi ya pima mia mbili.
Pima! Mimi mpimaji, na pima siijui:
mikono miwili iliyotandazwa, ncha hadi ncha,
mara mia mbili kwenda chini
pasipo na wa kukupokea.

Barafu. Hapo kalamu yasita.
Mapande arobaini kutoka kiwandani Shimanzi,
yafunikwe unga wa mbao, kisha magunia, kisha turubai,
na bado, asema Nassor, siku ya kwanza huliwa matano,
ya pili manane,
ya tatu hasemi.
Kwa hiyo saa yetu haivaliwi mkononi.
Yatiririka sakafuni mwa boti,
na siku itakapokauka
shehena yote itakuwa deni linalonuka.

Mwanasiti hajauliza kitu tangu magharibi.
Apika mikate ya mofa, ile migumu, ya kukaa,
akata tangawizi vipande vyembamba kama kucha,
kwa kuwa ajua, na ni yeye peke yake ajuaye,
kwamba kwenye feri ya Likoni, safari ya dakika kumi,
mimi husimama katikati na kutazama viatu vyangu.
"Achari hii usimgawie mtu," asema.
Ndiyo kauli yake yote.

Maji ya kunywa: watu watano, lita nne kwa siku, siku tatu.
Lita sitini.
Napigia mstari, mara mbili, kama mwalimu.

Saumu atoka chumbani kutafuta daftari lake.
Asoma begani kwangu, kidole chatembea, midomo yatembea.
"Baba, huko kwenye samaki ni mbali gani?"
Siku moja na nusu.
"Na kuvua?"
Siku moja na nusu, barafu ikiridhia.
Anyamaza. Achomoa kalamu vidoleni mwangu.
"Hapa umekwenda. Hapa umevua.
Mbona hujarudi?"

Mofa yaungua. Mwanasiti hageuki.

Nautazama ukurasa: petroli, maji, mikate, betri za tochi,
kila kitu kimetosha hadi kule, na kule kikaisha,
kwa mwandiko mzuri kabisa, wa karani.

Nampigia Nassor. Nataka madebe zaidi, barafu zaidi.
Acheka hadi akohoa: tutakaa wapi sisi?
Namwambia tutakalia mapande.

Saumu amekwisha kufuta sitini, ameweka tisini,
ameigawa kwa watano ili kuhakikisha,
na chini kabisa, kwa mazoea ya darasani,
ameandika: baki 2.
Tisini kwa tano haibakizi kitu. Nataka kumsahihisha.
Nainua kichwa:
yeye yuasubiri daftari lake,
na mamake, kwa kisu,
akwangua mkate ulioungua.