Vitenzi vya Jumanne Usiku

Nimeandika ubaoni neno moja: kitenzi.
Kalamu nyeusi imekauka katikati ya neno,
nimemalizia kwa ya kijani.
Nje, Ibra inapoa polepole kama pasi iliyochomolewa umeme.
Ndani, kiyoyozi kinakohoa tu.

Kesho Jumatano, soko la wanawake,
na Bi Ghania amekuja moja kwa moja kutoka kufunga mizigo,
vidole vyake bado vinanukia liwa.
"Hivi vitenzi, mwanangu,
Waingereza wanaviuza kwa jumla au kwa rejareja?"

Kwa jozi, nikamjibu, kwa dazeni, na vingine havina bei.

Nikaanza na kile kidogo, kazi yake kuunga.
Kiarabu cha leo hakina haja nacho:
mimi, mwalimu. Imetosha.
Kiswahili kina *ni*, fupi kama kukonyeza jicho,
haibadiliki kwa sultani wala kwa mchunga mbuzi.
Kiingereza kina nguo tatu za siku moja:
*am* ya kwangu peke yangu,
*is* ya yule, *are* ya wengineo.

Bi Shinuna akaandika: mimi mjane.
Kwa Kiingereza, lakini bila kiungo, kama tusemavyo nyumbani.
Nikaichomeka *am* katikati, kwa kijani.
Akaitazama kitambo.
"Kumbe," akasema, "bila hiyo ilikuwa nyepesi."

Sikuwa na jibu. Nikafungua ukurasa.

Kuna vitenzi, nikasema, havikai bila pa kuangukia.
Ukisema nimepiga, watu wanasubiri: umempiga nani?
Ukisema nimeuza, umeuza nini?
Bi Ghania hakunyoosha mkono, hanyooshi kamwe:
"Na kama sikuuza kitu?"
Basi kwa Kiingereza, nikamwambia, unaweza kusema
umeuza *nothing*.
Akacheka hadi mtandio ukamvuka.
"Hiyo! Hiyo nimeiuza mwezi mzima!"

Na vipo vinavyojitosheleza:
kulala, kufika, kufa.
Havimtafuti mtu.

Kadzo alikuwa amekaa karibu na mlango,
kiti cha watu wanaoweza kuitwa wakati wowote.
Wa Kaloleni, mwaka wa pili sasa kwa Bi Shinuna:
humwogesha, humpikia, humshika mkono ngazini,
na Jumanne hubeba madaftari ya wote wawili.
Hati yake ni nzuri kuliko yangu.

"Mwalimu," akasema, "kile kisichomtaja mtendaji ni kipi?"

Hicho nilikiweka baada ya Idi.
Lakini alikuwa keshaandika, herufi kwa herufi:
pasipoti yangu ilichukuliwa.

Nikasoma mara mbili nikitafuta kosa.
Wakati, sawa. Kitenzi kisaidizi, sawa.
Kalamu yangu ikaning'inia hewani
kama mtu aliyekuja kudai akakuta wenyewe wanakula.
Sahihi, nikasema. Sentensi ni sahihi.
Mtendaji anaweza kuachwa,
lugha inaruhusu.

Kiyoyozi kikanyamaza. Cha ajabu, nacho.

Bi Shinuna akalivuta daftari kwake.
Akaomba miwani. Kadzo akampa.
Akaandika mwishoni, mkono ukitetemeka,
maneno matatu tuliyojifunza wiki ya kwanza, ya jamaa na ukoo:
*by my son*.
Akanigeuzia ukurasa.

"Na hivi?"

Na hivi pia ni sahihi, Bi Shinuna.

Hakuna aliyeinua uso.
Bi Ghania akahesabu shanga za bangili yake.
Nikafuta ubao kabla ya saa, nikasahau kuwapa kazi ya nyumbani,
nikawasikia wawili wale ukumbini, mmoja akisema
polepole, ngazi hiyo, polepole,
na sikujua ni nani anamwambia nani.

Sijui kilichotokea nyumbani kwao.
Jumanne iliyofuata walichelewa robo saa.
Kadzo akapita kiti cha mlangoni, akakaa mbele,
akaniwekea mezani kalamu mpya nyeusi.
"Leo," akasema, "tufundishe vile vya wakati ujao."