Samaki Aitwaye Kodi

Winnipeg, Januari. Nje ni thelathini chini ya sifuri,
kope hugandana ukingoja basi.
Ndani, ghorofa ya nne, juu ya meza ya pasi,
mchicha wangu una majani manne.

Haukuota udongoni.
Umekaa kwenye trei ya kokoto za kuchomwa,
na mizizi yake, myeupe kama tambi,
inaning'inia gizani ikinywa
maji ya choo cha samaki.
Nimeshasema. Wenye kinyaa waondoke sasa.

Tangi nilipewa na Bi Olenka wa ghorofa ya saba.
Mumewe alifuga humo miaka kumi na minane;
akafa yeye, wakafa wao,
likabaki kavu, na mstari wa chokaa
mahali maji yalipokuwa yakiishia.
"Lichukue," alisema, "nimechoka kulifuta vumbi."

Nilikuwa na pupa.
Siku ile ile nilijaza maji, nikatia samaki watano.
Ijumaa walikuwa watatu. Jumapili, mmoja.
Nuhu, mwanangu wa miaka tisa, alimtazama aliyebaki
akimeza chakula, akimeza mapovu, akitema kokoto.
"Huyu tumwite Kodi," akasema.
"Anakula tulichonacho chote,
na mwezi ujao yupo pale pale."

Ndipo nikajifunza kungoja.
Kuna viumbe wasioonekana, wakaao kwenye ngozi ya mawe;
hao ndio wapishi. Samaki hutoa sumu,
wao huipika, huigeuza, humpakulia mchicha.
Lakini wapishi hao hawaji kwa kuitwa.
Kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku,
mikono ikinuka sabuni ya mashuka ya hospitali,
nilidondosha matone katika kichupa cha maji, nikahesabu dakika tano:
kijani.
Kesho yake, kijani.
Kijani cha mtu aliyekasirika.
Wiki ya sita, njano! Njano ya kiini cha yai!
Nilimwamsha Nuhu. "Mama," akasema, "leo Jumamosi,"
akajifunika.
Nikampigia Kodi makofi peke yangu.

Halafu ukaja ule usiku wa dhoruba, umeme ukakatika.
Hujui pampu husema kiasi gani
mpaka inyamaze.
Tulilivika tangi blanketi.
Nikachota kwa kikombe, nikamwaga kutoka juu,
nikachota, nikamwaga, maji yapate pumzi.
Kwenye kikombe cha mia tatu na kitu hesabu ilinipotea.
Kodi alipanda juu, mdomo wazi, akiibusu hewa.
Mkono ulikufa ganzi; Nuhu akashika zamu.

Saa nane mlango uligongwa.
Bi Olenka, koti juu ya gauni la kulalia,
ghorofa tatu kazishuka kwa tochi,
mkononi kapampu ka betri.
"Kalikuwa kwenye droo ya soksi zake."
Tulikatumbukiza. Kakakohoa. Kakaanza.
Hakumtazama samaki hata mara moja.
Alikaa kwenye kiti cha Nuhu, akasikiliza mapovu.
"Miaka kumi na minane," akasema,
"sauti hii ilininyima usingizi."
Kisha akalala, hapo hapo, viatu miguuni.

Mavuno ya kwanza yalijaa sufuria.
Yalipoiva yakawa vijiko vitatu:
cha Nuhu, cha Bi Olenka, changu.
Yeye alisema chumvi haikutosha.
Siku hizi nusu ya trei ni shibiti yake ya supu,
huja Jumamosi na mkasi wake mwenyewe,
hukata, hunusa, hupanda zake.

Usiku, kabla ya kazi, natia punje sita majini.
Kodi nimelipa.
Lakini majani machanga yameanza umanjano,
mishipa tu ndiyo ya kijani.
Ni njaa ya chuma, nimeambiwa.
Kesho nitauliza chuma cha mchicha kinauzwa wapi,
theluji ikiniruhusu kufungua mlango.