Maagizo kwa Bupe, Kabla ya Treni

Bupe, funguo nimetundika nyuma ya kalenda.
Bahari iko sebuleni, lita mia mbili na kumi,
nayo haijui kwamba hapa ni Iyunga,
kwamba Juni huku maji ya ndoo yanauma meno.
Usiiambie.
Kipasha joto kisichomolewe, hata kwa dakika mbili za pasi.

Kifuu, husema watu wa pwani, ni bahari ya chungu.
Niliicheka methali hiyo hadi nilipoishika kiganjani:
mkaa huu, punje kama pilipili manga,
ulikuwa kifuu. Uliokwa ukabaki matundu,
matundu ndani ya matundu,
na kila tundu lina njaa.

Si mkaa wa Mama Tusekile, wa debe, pale njia panda.
Alinipa bure mwaka juzi, kwa ujirani,
nikautwanga, nikautia, kwa ujinga.
Kulipokucha tumbawe ngozi lilikuwa limejikunja
kama ngumi ya mtoto aliyenyimwa.
Mkaa wa jiko una majivu, na majivu hulisha ukungu.
Wiki mbili nilibadilisha maji.
Mpaka leo ananiuliza, "Samaki wako walishiba?"

Wa dukani nao si wote. Mfuko mpya ukifika,
tia kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya mvua,
kilaze hadi kesho, kisha upime fosfeti.
Yakigeuka bluu, mfuko huo mpe muuza maua.

Osha. Osha tena. Vumbi lake
hutua kwenye vinywa vya matumbawe kama uvumi.
Mimi huosha hadi nione maua ya beseni kule chini,
vidole vimekufa ganzi, Loleza bado umejifunika wingu.

Kisha soksi. Ndiyo, ile ya nailoni, ya harusi ya Atupele.
Vijiko vinne vya kulia, funga fundo,
ilaze tangi la chini, maji yapite katikati yake,
si pembeni. Maji ni kama watu wa foleni:
yakiona upenyo, mlango wa nini?

Vinne, Bupe. Usinione bahili.
Niliwahi kuweka kikombe kizima. Maji yaling'aa
nikaita majirani waje waone,
na siku ya tatu tumbawe la pembe likawa chaki.
Lilizoea kuishi nyuma ya pazia la manjano;
nililivuta pazia kwa mkupuo, taa ikaliunguza.

Manjano huja polepole. Jicho linaloishi nayo halioni.
Ndiyo kazi ya sahani nyeupe iliyo juu ya kabati:
izamishe nusu kila Jumapili.
Ikiwa kama chai ya mgeni aliyechelewa, badilisha mkaa.
Ikiwa nyeupe, wiki ya nne badilisha vilevile.
Matundu yakishiba hayasemi.

Matumbawe hayagombani kwa mikono.
Kila moja liko mahali pake, linapepea kama ua,
huku likimmwagia jirani sumu. Huo ugomvi mkaa unaunywa.
Chakula ulichozidisha, hauli.
Na ukitia dawa ya samaki, toa soksi kwanza:
haujui sumu ni ipi na tiba ni ipi.

Treni ni saa nane, kama itakuja saa nane.
Gwakisa yuko Muhimbili, miguu imevimba,
macho yana rangi ile ya sahani.
Daktari alinichorea nyuma ya bahasha:
mbili, kila moja kama ngumi,
ndani yake vichujio kama milioni.
Moja inatosha, alisema. Wengi huishi na moja.
Nikaikunja bahasha nikaitia kwenye pochi.

Wiki nne, nimezizungushia kwa kalamu nyekundu.
Nikichelewa, soksi ya pili iko kwenye droo ya vijiko.
Imeoshwa. Ni kavu.
Usisahau sahani.